Udongo wa Kando ya Bomba

Kila alasiri, darasa la tatu likishatawanyika, Mwalimu Beldina alipitia bustanini. Alianza kwenye bomba la maji, akanawa chaki vidoleni, akajipangusa kwa leso yake ya bluu, kisha akaketi kwenye benchi la mwisho, lile ambalo wengine hawakulipenda kwa kuwa lilikuwa mbali na jukwaa la bendi. Hapo alikula hindi lake la kuchoma polepole, punje baada ya punje, akingoja mvua ya Kakamega ije kumfukuza.

Ijumaa hiyo bustani ilifurika watu. Bendi ya polisi ilikuwa inafanya mazoezi ya Sikukuu ya Madaraka, na tarumbeta zilisikika hadi sokoni. Wake za makarani walikuja na magauni yaliyopigwa pasi, vijana wakachomekea mashati, wauza njugu wakapita wakiita wateja. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kwa wengi ilikuwa ajabu kutembea pale kwa starehe, maana juzi tu palikuwa jela ya wakoloni. Kuta zilibomolewa, matofali yakabebwa, nyasi na maua vikapandwa. Katika vitu vya zamani lilibaki bomba lile la maji na msonobari mmoja.

"Dada, samahani. Hebu inua miguu."

Hindi lilimponyoka mkononi. Kijana mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi, suruali yake ya kaki imelowa magotini, tai yake ameitupa begani isiguse matope. Alikuwa akifikicha udongo kati ya vidole.

"Umepoteza nini?" Beldina akauliza kwa sauti ndogo.

"Baba yangu." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Nataka kusema, mahali pake. Alifia humu, zamani za jela. Natafuta ni wapi. Kila mzee ninayemuuliza ananionyesha mahali pengine."

Beldina alitazama kitalu cha maua mekundu kilichokuwa kati ya bomba na msonobari. Akayaondoa macho haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Pole," akasema. Ndilo neno lililotoka.

"Nimekuangushia hindi, nami nitakununulia jingine. Naitwa Bramwel Simiyu, wa posta. Ni mimi ninayesemanga, 'Nambari gani, tafadhali?'"

Beldina akatabasamu bila kutaka. Nani katika mji ule hakuijua sauti hiyo? Kila aliyeinua simu Kakamega aliipata kwanza, nzito na yenye upole, kabla ya kumpata aliyemtaka.

Mvua ikaanguka. Watu wakakimbilia chini ya paa la jukwaa, na kijana yule akamfunika Beldina kwa koti lake. Walisimama pale wamebanana na wapiga tarumbeta. Kijana alinukia sabuni na waya za umeme. Lakini Beldina hakuwa akiisikia mvua. Alikuwa akijiambia: mwambie. Mwambie sasa hivi, kabla hujampenda.

Hakumwambia.

*

Jumatatu simu ya ofisi ya shule ililia, na mwalimu mkuu akamwita Beldina kwa mshangao.

"Mwalimu," ikasema sauti ile, "nakagua laini yenu. Inasikika vizuri?"

"Inasikika."

"Hebu sema maneno zaidi. Laini haipimwi kwa neno moja."

"Niseme nini?"

"Sema utakuja bustanini leo. Hindi lako liko tayari, nimelichagua mwenyewe, halina pengo hata moja."

Ndivyo ilivyoanza. Laini ya shule ile ikawa inakaguliwa kuliko laini zote za mkoa. Mwalimu Risper, rafiki yake Beldina, mrefu, mwenye sweta ya manjano na kicheko cha kuamsha kijiji, alimngojea mlangoni kila simu ilipokwisha.

"Haya, wasemaje mafundi wa waya? Kuna hitilafu?"

"Niache, Risper."

"Hitilafu iko. Naiona mashavuni mwako."

Lakini jambo moja Bramwel hakulipata. "Mwalimu," angesema kabla ya kukata, "mimi nimekuambia nakupenda mara nyingi mpaka waya zimechoka. Wewe je?" Beldina angetazama mgongo wa mwalimu mkuu, angetazama ukuta. "Laini imekatika," angenong'ona, na kukiweka kifaa chini taratibu. Bramwel alicheka kila mara. Alidhani ni haya tu.

Siku moja, wameketi kwenye benchi lile, akamweleza yote.

"Mama yangu amepata shamba Mautuma, katika yale mashamba ya wazungu. Mahindi yamesimama hivi! Lakini anasema shamba halina mwenyewe. Kwetu, mtoto wa kwanza haleti mke nyumbani kabla baba hajalala nyumbani. Mwili wake hatukupewa, basi tutachukua udongo wa pale alipokata roho. Anayeubeba hasemi na mtu wala hageuki nyuma mpaka aingie bomani. Ukisema njiani, aliyekufa anashuka, anabaki barabarani."

"Na ukibeba udongo wa mahali pasipo pake?"

"Basi umebeba udongo tu." Bramwel akaviringisha tai kidoleni. "Na kuna jambo baya zaidi. Jela ilituambia alikataa chakula mpaka akafa. Kwamba alijiua mwenyewe. Unajua desturi. Mtu kama huyo haliliwi. Mama hakulia, Beldina. Alikatazwa kulia. Na baba mdogo George anasema hata huo udongo tutauweka nje ya ua."

Beldina aliyakaza macho kwenye maua mekundu.

Maana hakuwa anajua mahali tu. Alijua zaidi. Baba yake, Mzee Patroba wa Malinya, alikuwa askari wa jela ile. Beldina alikulia katika nyumba za askari, nyuma ya ukuta, na kila mchana alimpelekea baba chakula. Njia ilipita kando ya dirisha la chumba cha wagonjwa, kati ya bomba na msonobari. Nyuma ya nondo alikaa mtu aliyekohoa, mwenye macho ya upole, na siku moja mtu huyo alimwomba chakula. Mtoto yule akamega obusuma, ule ugali wa kwao, akachovya kwenye mboga ya kunde, akaupitisha mkono kwenye nondo. Yule mtu alikula. Kesho yake chumba kilikuwa kitupu. Na aliyeandikwa kuwa shahidi kwamba mfungwa alikataa chakula alikuwa Mzee Patroba.

"Mbona unatetemeka?" Bramwel akauliza. "Unasikia baridi, kipenzi?"

"Mvua inakuja," akasema. Mbingu zilikuwa nyeupe, bila wingu hata moja.

*

Tangu siku ile Beldina akawa mtu wa visingizio. Bramwel akimwambia, "Jumapili twende Mautuma, mama anataka kukuona," yeye ana madaftari ya kusahihisha. Akimwambia, "Basi twende kwenu Malinya, nimsalimie mzee," yeye anaumwa na kichwa. Angewezaje kumpeleka? Angemwonyesha nani?

"Niambie kweli," Bramwel akasema jioni moja karibu na bomba. Hakuwa na koti wala mzaha. "Kuna mtu mwingine?"

"Hakuna."

"Basi ni mimi. Ni kwa sababu ya baba yangu. Unaona haya kuolewa na mtoto wa mtu aliyejiua."

"Bramwel, sivyo!"

"Ni vipi, basi? Sema. Mimi kazi yangu ni kuunganisha watu wanaotaka kusema. Wewe unainua simu na kunyamaza."

Beldina alifungua kinywa. Alimwona baba yake, mzee mwenye kofia iliyochanika, akimkuna fahali wake shingoni. Akafumba kinywa.

Bramwel akachukua baiskeli yake. "Asante kwa hindi," akasema. Kila mmoja wao alijua nani alikuwa akimnunulia mwenzake mahindi.

Siku zilizofuata laini ya shule haikukaguliwa. Mwishowe Beldina mwenyewe aliinua simu.

"Nambari gani, tafadhali?"

"Bramwel, ni mimi."

Kisha sauti ile, safi, isiyo na mtu ndani yake: "Nambari gani, tafadhali?"

Akakiweka kifaa chini. Usiku kucha mto wake ulikuwa umelowa, na asubuhi Risper, ambaye alikuwa na shangazi katika kila ofisi ya mji, akaleta habari.

"Jumamosi ndugu zake wanakuja bustanini. Wamechoka kutafuta. Watachimba kwenye mlingoti wa bendera, eti ndipo lango la jela lilipokuwa. Na Bramwel amekubali. Alimwambia dada wa pale posta, 'Udongo wowote, bora yaishe.' Beldina, mwanamume yule amekonda kama ufito. Mmegombania nini?"

Beldina aliona maisha yake yote mbele yake: nyumba Mautuma, yeye akipika, watoto wakicheza, na nje ya ua kaburi la udongo wa mlingoti wa bendera, tupu. Na yeye peke yake akijua.

*

Ijumaa aliomba ruhusa akaenda Malinya. Mzee Patroba alikuwa zizini, akimpaka fahali mafuta, maana kulikuwa na pambano la mafahali wiki ile.

"Mulembe, baba."

"Mulembe, mwalimu wangu! Mbona siku ya kazi? Tazama shingo hii. Huyu atawaaibisha."

"Baba, yule mtu wa chumba cha wagonjwa. Mtoto wake anamtafuta."

Mkono wa mzee ukasimama juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Mtu yupi?"

"Aliyekula chakula chako."

Mzee alichukua muda kufunga kopo la mafuta. "Alikataa chakula. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Baba."

"Ulikuwa mtoto, Beldina. Watoto hawakumbukangi vizuri."

"Nakumbuka. Siku ile ulinichapa kwa kukuletea sahani iliyomegwa. Nilipokuambia nani amekula, uliacha kunichapa."

Fahali alipumua kwa nguvu. Mzee akaketi juu ya gogo.

"Alikuwa mgonjwa wa kifua," akasema hatimaye. "Nilimwambia bwana mkubwa, mtu huyu aitiwe daktari. Akasema kesho. Kesho ilipofika, mtu amekwisha. Nikaambiwa, sema alikataa kula. Nikasema. Ningefanyaje? Nilikuwa na nyumba ya kulisha, na aliyekataa amri aliingia ndani ya kuta zile zile."

"Wanamweka nje ya ua, baba. Mke wake hajawahi kumlilia."

"Na ukisema, mimi ndiye utakayemtoa nje ya ua!" Sauti ya mzee ilipasuka. "Hapa watu wananiita Mzee wa Fahali. Kesho wataniitaje?"

Beldina alipiga magoti kwenye samadi, gauni lake la shule na yote, akamshika mikono iliyojaa mafuta. Alitaka kumwambia kwamba anampenda, na kwamba hawezi tena kuificha siri hiyo. Hata hayo hayakutoka. Alilia tu, na mzee akatazama pembeni, na Beldina alipoondoka, mzee hakumbariki wala hakumkataza.

*

Jumamosi asubuhi manyunyu yalikuwa yakianguka. Bustani ilikuwa tupu isipokuwa kikundi kidogo chini ya bendera: baba mdogo George, mzee mfupi mwenye koti la mvua, ameshika jembe, wazee wawili, mama mwembamba aliyejifunga shuka nyeusi, na Bramwel, akikunjua kitambaa cheupe. Gari la kukodi lilinguruma barabarani, tayari kwa safari.

Beldina alifika akikimbia, viatu mkononi, nywele zimelowa. Jembe lilikwisha kuinuliwa.

"Si hapo," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Ilikuwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuombea chaki.

"Si hapo!"

Jembe likabaki hewani. Bramwel akageuka, na uso wake ulikuwa umechoka kupita hasira.

"Beldina, nakuomba. Usiniharibie hata hili."

"Ni kule. Kati ya bomba na msonobari. Palikuwa na chumba cha wagonjwa, dirisha lilitazama njia."

"Wewe umejuaje?" baba mdogo George akauliza. "Wewe ni binti wa nani?"

Lilikuwa swali dogo, ambalo watu huulizana kila siku njiani. Beldina alihisi mvua ikimwingia shingoni.

"Mimi ni binti wa Patroba, wa Malinya. Alikuwa askari wa jela hii. Yeye ndiye aliyesema kwamba mzee alikataa chakula. Alisema uongo. Aliamriwa, akasema." Akavuta pumzi. "Mzee alikula. Mimi ndiye niliyemlisha. Nilimmegea obusuma na kunde, akala kutoka mkono huu. Aliugua kifua, akanyimwa daktari. Hakujiua."

Kitambaa cheupe kilimponyoka Bramwel, kikalala kwenye tope.

Yule mama wa shuka nyeusi alimjia Beldina polepole. "Mimi ni Nekoye," akasema. "Mama yake huyu. Rudia, mutoto yangu. Alikula?"

Na hapo Beldina akatambua jina. Miaka yote alikuwa amelibeba bila kujua ni la nani.

"Mama, alinituma kwako. Alisema, 'Mwambie Nekoye nilikula.' Nilidhani Nekoye ni askari. Nilimuuliza baba Nekoye ni nani, akanikataza nisilitaje tena jina hilo. Nisamehe, mama. Sikujua nikuletee wapi."

Mama Nekoye alimshika ule mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja. Kisha kikamtoka kilio. Hakikuwa kilio cha mtu mmoja. Kilikuwa kilio cha miaka yote aliyokatazwa, na kilipasua bustani nzima, hata wapita njia wakasimama barabarani na kuvua kofia. Baba mdogo George aliliacha jembe likaanguka. Naye akaanza kulia, mzee mzima, akimwita ndugu yake kwa jina la utotoni.

Bramwel peke yake hakulia. Aliokota kitambaa, akaenda kwenye maua mekundu, akapiga magoti. Alichimba kwa mikono. Alipofunga udongo na kuukumbatia kifuani, alipita mbele ya Beldina, karibu kiasi cha kugusana mabega, bila kusema neno wala kumtazama. Gari likaondoka.

Beldina aliijua desturi. Aliyebeba hasemi na mtu. Lakini kujua hakukumsaidia. Alibaki kando ya bomba akijiuliza kama ule ulikuwa ukimya wa desturi au lilikuwa jibu.

*

Wiki ikapita, na nyingine. Simu ya mji ilijibiwa na sauti ya mtu mwingine, nyembamba, yenye haraka. Beldina alifundisha, akala kwa sababu Risper alimsimamia, akapita bustanini bila kuketi. Kutoka Malinya hakukuwa na salamu. Alijiambia kwamba amewapoteza wote wawili, baba na mpenzi, kwa maneno ya asubuhi moja. Na usiku alipojiuliza kama angeyarudisha, jibu lilikuwa hapana, na hilo ndilo lililomtisha.

Kisha asubuhi moja, walimu wakiwa wamejaa ofisini kwa chai, simu ikalia. Mwalimu mkuu aliinua, akasikiliza, akakohoa.

"Mwalimu Beldina. Nadhani laini yetu ina shida tena."

Risper akaweka kikombe chini. Chai yote ofisini ikapoa.

"Mwalimu," ikasema ile sauti, nzito, yenye mtu ndani yake. "Nimerudi kazini."

"Umerudi."

"Tumemlaza ndani ya ua, karibu na nyumba ya mama. Watu walilia siku nne. Mama anakula vizuri." Waya ukavuma kama nyuki. "Beldina, nilikuwa na hasira. Sitakuficha, bado ninayo. Si yako yote, lakini sijui kuigawanya. Nikikumbuka ulikaa nami kwenye benchi lile, mahali pale pakiwa mbele ya macho yako..."

"Najua."

"Jana amekuja mzee Mautuma. Ametembea kutoka barabara kuu, anavuta fahali kwa kamba. Hakutaka kiti. Alisimama mbele ya mama, akasema, 'Mimi ndiye niliyesema alikataa. Alikula. Mtoto wangu alimlisha.' Halafu akamfunga yule fahali kwenye mti na kuondoka. Hata maji hakunywa."

Beldina alishika ukingo wa meza. Baba yake alikuwa ametembea na fahali wake, mwenye shingo ile, hadi Mautuma.

"Mama akasema..." Bramwel akaanza.

"Usiniambie mama amesema nini. Niambie unasema nini wewe."

Akasikia, mbali katika waya, mtu mwingine wa mji akiinua simu na kuuliza kama kuna mtu, na Bramwel akimwambia kwa adabu angoje kidogo.

"Ninasema nataka kukuoa," akasema. "Na hasira yangu nitakuja nayo, tutaizeesha pamoja. Na wewe, Mwalimu? Au laini imekatika?"

Ofisi nzima ilikuwa ikimtazama: mwalimu mkuu na miwani yake, Risper na sweta yake, walimu wenye mikate midomoni. Beldina aliwageukia ana kwa ana, akakishika kifaa kwa mikono miwili.

"Haijakatika," akasema kwa sauti iliyofika hadi uwanjani. "Nakupenda, Bramwel. Nilikupenda tangu uliponiambia niinue miguu. Nakupenda."